Anayepika Msibani Aketi Barazani

Ipo desturi moja katika miji ya nchi hii ambayo imezoeleka mno hata macho yameacha kuiona. Msiba unapoingia katika nyumba ya Mwislamu mjini Tabora, tuseme katika kata ya Kanyenye, utawala wa nyumba ile hubadilika kabla jua halijatua. Kama aliyefariki ni mwanamke, wanawake ndio wanaomwosha na kumvika sanda. Wanawake ndio wanaohesabu watu na kupima mchele, wanaopanga zamu za kuni na maji, wanaoshika daftari la michango, na wanaojua nani ametoa na nani ameahidi tu. Kama aliyefariki ni mwanamume, wao ndio wanaomkalisha mjane eda, wakapanga nani alale naye, nani awachukue watoto, nani azungumze na mwenye nyumba anayedai kodi. Hakuna barua ya uteuzi iliyoandikwa, hakuna posho iliyolipwa, na kazi hukamilika bila kelele. Huo ni uongozi. Hauna jina jingine.

Matanga yakishaanuliwa, utawala hurudi ulikokuwa. Mjane yule anapokwenda kuulizia haki yake ya mirathi, mara nyingi anakuta mbele yake baraza la wanaume. Mke aliyefukuzwa usiku pamoja na watoto wake anapokwenda kushitaki, anakuta baraza la wanaume. Binti anayetaka talaka yake iandikwe, asiendelee kuishi nusu mke na nusu mtalaka, anakuta baraza la wanaume. Mama aliyeshika daftari la msiba mwezi uliopita sasa anaambiwa akae nje mkekani asubiri kuitwa. Na akiitwa, ataitwa kuwa shahidi, hataitwa kuwa mwamuzi. Katika kupika anaaminiwa matumbo ya watu mia mbili. Katika kuamua haaminiwi shauri hata moja.

Yapasa basi jambo hili lisemwe waziwazi. Wanawake wa Kiislamu wa Tabora hawana upungufu wa uongozi. Wana upungufu wa kiti. Na mtu aliyenyimwa kiti hafundishwi namna ya kuketi, hupewa kiti.

Yapo makundi mawili ya watu ambayo, ingawa hayasemezani, yanashirikiana kumweka mwanamke huyu nje ya mlango. Kundi la kwanza ni la wale wanaodai kwamba dini inakataza. Kundi la pili ni la wale wanaokuja kutoka mbali na mabango na kalamu za bure, wakaitisha semina ya siku mbili juu ya kumwezesha mwanamke wa Kiislamu, wakapiga picha, wakaondoka. Kundi la kwanza linamwona mwanamke huyu kuwa ni hatari. Kundi la pili linamwona kuwa ni mgonjwa. Yote mawili yanakosea, na kila moja linastahili jibu lake.

Tuanze na wale wanaojificha nyuma ya dini. Tabora ni mji uliozaliwa na misafara. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, walikuta Waarabu na Waswahili wa pwani wamekwisha kufanya makazi katika nchi ya Unyanyembe, na mahali pale pakawa njia panda: huku Ujiji na Ziwa Tanganyika, huku Karagwe na Buganda, huku Bagamoyo na bahari. Njia ile ile iliyopitisha pembe za ndovu na nguo na, kwa aibu ya wanadamu, watumwa, ndiyo iliyopitisha Uislamu kuja bara. Basi mji wa misafara hauna udhuru wa kusahau kwamba Bibi Khadija, Mwislamu wa kwanza baada ya Mtume mwenyewe, alikuwa mwenye misafara. Mali ilikuwa yake, bidhaa zilikuwa zake, na Mtume alimfanyia kazi ya kupeleka bidhaa hizo Sham kabla hajamwoa. Anayesema kwamba mwanamke hana akili ya kusimamia fedha za msikiti hana budi kueleza kwanza ni akili gani iliyosimamia misafara ile.

Wala si Khadija peke yake. Imo sura nzima katika Kurani, Al-Mujadila, ambayo jina lake limetokana na mwanamke aliyekwenda kwa Mtume kumshitaki mumewe, akajadili, akasisitiza, hakukubali kurudishwa nyumbani kwa maneno matupu. Hakuambiwa akae nje. Alisikilizwa, na hukumu ikashuka ikiondoa desturi ya kijahili iliyokuwa ikimwonea. Na katika sura ya Wanawake, fungu la mwanamke katika mirathi limetajwa kuwa ni haki iliyofaradhishwa, iwe mali ni chache au nyingi. Wale ndugu wa marehemu wanaogawana vyombo, baiskeli na kiwanja wakati mjane angali katika eda, kisha wakasema hayo ni mambo ya mila, hawatetei dini. Wanaiibia dini na wanamwibia mjane kwa mkono mmoja.

Historia ya Uislamu katika Afrika Mashariki nayo inawasuta. Watafiti wa historia ya tarika wameonyesha jinsi Qadiriya, iliyofuata njia za biashara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, ilivyowafungulia wanawake mlango. Mtumwa binti Ali bin Yusufu, mwanamke aliyetoka Unguja, alikuwa khalifa wa Qadiriya huko Nkhotakota, Nyasaland, nchi inayoitwa leo Malawi. Kama mwanamke aliweza kupewa ukhalifa wa tarika katika zama za mkoloni, kwa hoja gani leo anyimwe nafasi katika kamati ya msikiti inayojadili mabati, mikeka na bili ya umeme? Na dunia ya Kiislamu haikusimama. Palestina iliteua wanawake kuwa makadhi mwaka 2009. Malaysia ikateua wanawake katika mahakama zake za sheria ya Kiislamu mwaka 2010. Nchi hizo hazikuuacha Uislamu. Zimeacha tu kuisingizia dini mambo ambayo ni mazoea ya wanaume.

Sasa tulijibu kundi la pili, la wataalamu wa semina. Kosa lao ni la adabu zaidi, lakini madhara yake si madogo. Wao huanza na dhana kwamba mwanamke wa Kiislamu wa mtaani amelala, na kwamba wao wamekuja kumwamsha. Laiti wangesoma historia ya nchi hii wangeona haya.

Mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea Tanganyika aliuliza tawi la wanawake la TANU liko wapi. Swali lile lilikishitua Chama kilichokuwa bado kichanga, na Bibi Titi Mohamed akakabidhiwa kazi. Bibi Titi hakuwa na shahada. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa Dar es Salaam, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuitisha semina. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, vya maulidi na vya kusaidiana, yaani kwa wanawake ambao tayari walikuwa wakiongoza wenzao, akawaambia kazi iliyopo. Kwa muda wa miezi michache akaandikisha wanachama wanawake wapatao 5,000. Maelfu yale hayakuamshwa kutoka usingizini. Yalikuwa macho, yamejipanga, yana wahazini wao na kanuni zao. Yalikuwa yakingoja tu mtu wa kuyaheshimu.

Tabora inalijua hilo kuliko miji mingi. Mwezi Januari mwaka 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini humo, ukapita ule unaoitwa Uamuzi wa Busara, wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu uliowekewa masharti ya ubaguzi. Ndio uamuzi ulioikinga TANU isigawanyike na kuifikisha nchi karibu na uhuru. Wajumbe waliotoka majimbo yote walilala na kula katika mji huo. Wala hapana haja ya kuuliza nani walitandika na nani walipika. Katika historia iliyoandikwa na Mohamed Said limo jina la Nyange binti Chande, mmoja wa akina mama wa Tabora walioitumikia TANU katika siku hizo. Ni wanafunzi wangapi wa shule za Tabora leo wanaolijua jina hilo? Hao ndio walioongoza kabla neno «uwezeshaji» halijabuniwa. Waliiwezesha nchi; sasa wajukuu wao wanaambiwa wakae kwenye viti vya plastiki wafundishwe kujiamini.

Lipo pia funzo la pili, na hili lina uchungu. Mwezi Mei mwaka 1988, baada ya Mwenyekiti wa UWT, Sofia Kawawa, kutoa matamshi ya kupinga ndoa za wake wengi katika Uislamu, maandamano yalizuka Unguja, na watu wawili wakapoteza maisha. Mama Kawawa alikuwa mpiganaji wa kweli wa haki za wanawake, na dhuluma aliyoitaja haikuwa ya kubuni. Lakini tukio lile linaonyesha jinsi jambo la haki linavyoweza kuharibika likishuka kutoka jukwaani bila kupitia kwa wanawake wenyewe. Wanaume waliandamana kuitetea dini. Wanawake ambao jambo liliwahusu hawakuulizwa na upande wowote. Tangu siku zile watumishi wengi wa umma wamejifunza somo lisilo sahihi. Wamejifunza kunyamaza. Likitajwa shauri la mwanamke wa Kiislamu, afisa husema, «hayo ni mambo ya dini yao,» akafunga faili. Hiyo si heshima kwa dini. Ni kumtelekeza raia.

Tutazame sheria inasema nini, maana watumishi wa umma hupenda kusema wanafuata sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa hatua kubwa katika siku zake. Iliziweka ndoa zote za nchi chini ya sheria moja, ikakataza mume kumpiga mke kwa kisingizio cha kumrudi, ikampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inataka mgogoro wa ndoa upite kwanza katika Baraza la Usuluhishi, isipokuwa katika hali chache, kabla haujafika mahakamani. Hati ya baraza kwamba limeshindwa kusuluhisha ndiyo ufunguo wa mlango wa mahakama. Baraza likichelewa, mwanamke amechelewa. Baraza likikaa kimya, mwanamke amefungwa.

Na baraza hilo ni la nani? Sheria inasema litakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Basi. Haisemi kwamba hata mmoja wao awe mwanamke. Hali kadhalika jumuiya ya dini yaweza kupewa mamlaka ya kuwa na baraza lake la usuluhishi, na hapo wajumbe huwa ni wale wale walioketi msikitini. Sasa ilinganishe sheria hiyo na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002. Hii ya pili inasema wajumbe wa Baraza la Kata hawatapungua wanne wala kuzidi wanane, na watatu kati yao watakuwa wanawake. Maana yake ni nini? Mama wa Kanyenye akigombana na jirani juu ya hatua mbili za kiwanja, taifa linataka wanawake watatu waketi kumsikiliza. Akigombana na mumewe juu ya mwili wake, watoto wake na maisha yake, taifa halitaki hata mmoja. Mpaka wa kiwanja umepewa heshima kuliko mwenye kiwanja.

Watu watasema: mbona mahakama zipo? Ndiyo, zipo, na zimewahi kutenda haki kubwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba kukahesabiwa kuwa ni jasho. Uamuzi ule umewafaa wanawake wengi waliofuata, wawe Waislamu au la. Lakini Bi Hawa mwenyewe alikataliwa na mahakama zilizotangulia, akalazimika kupanda hadi mahakama ya juu kabisa. Na mwishowe hakupata kitu, kwa kuwa Mahakama iliona ameshazitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya familia. Kanuni ilishinda, mwenye shauri akatoka mikono mitupu. Ndiyo kusema haki inayopatikana ghorofani haimfai sana mtu asiye na ngazi. Mama anayeuza karanga na asali karibu na stesheni ya reli hana nauli ya kukata rufaa mara tatu. Haki yake sharti imkute mtaani, katika lugha anayoisema, kwa watu anaowafahamu, kabla jambo halijaoza.

Wala lawama yote haistahili kutupiwa masheikh. Serikali nayo ina deni. Sheria ile ile ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 wakati mvulana anatakiwa afikishe 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Badala ya marekebisho, rufaa ikakatwa. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Wakubwa walipokuwa wakibishana kwa karatasi, wasichana waliendelea kukua, na wengine kuozwa. Kila mwalimu aliyepata kuita jina katika darasa la saba au kidato cha pili, akajibiwa na kimya, anafahamu kimya kile maana yake.

Hivyo basi, nini kifanyike? Mambo manne, wala hakuna hata moja linalohitaji mgeni kutoka ng'ambo.

La kwanza, Sheria ya Ndoa irekebishwe ili kila Baraza la Usuluhishi liwe na wanawake kwa idadi iliyotajwa, kama ilivyo katika mabaraza ya ardhi. Na wakati marekebisho yanangojwa, ieleweke kwamba hakuna sheria inayokataza kuwateua leo. Anayeteua wanaume watupu hafuati sheria; anafuata mazoea yake. BAKWATA, iliyoundwa mwaka 1968, haikosi wanawake wenye elimu ya dini wa kukaa katika mabaraza hayo. Madrasa ngapi zinaendeshwa na walimu wa kike ambao wamewasomesha watoto wa masheikh wenyewe? Anayeaminiwa kumfundisha mtoto hukumu za dini ataaminiwa vipi asiweze kuzisema hukumu hizo mbele ya watu wazima?

La pili, kamati za misikiti na wasimamizi wa wakfu wawaingize wanawake na wawasomee hesabu. Wanawake huchangia. Huuza maandazi, hukusanya, hupeleka. Fedha ikishavuka pazia huwa haina tena mwanamke. Wakfu uliowekwa kwa ajili ya mafukara na mayatima hauwezi kusimamiwa kwa haki bila wale wanaowajua mafukara na mayatima kwa majina, na hao ni akina mama wa mtaa.

La tatu, huduma zitoke ofisini ziende mtaani, na ziendeshwe na viongozi hao hao wa misiba na maulidi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili ambao wamepata mafunzo ya kuwasaidia wananchi. Nani afaaye zaidi kufunzwa kazi hiyo kuliko somo, mwalimu wa madrasa au mweka hazina wa chama cha kuzikana, ambaye mlango wake hugongwa usiku kabla ya mlango wa polisi? Mama huyo akijua namna ya kutunza cheti cha ndoa, kuandika barua ya kufungua mirathi, kudai matunzo ya watoto, na kumfikisha aliyepigwa kwenye dawati la jinsia na hospitali kabla jeraha halijapona, kata nzima itakuwa imepata ofisi isiyofungwa saa tisa na nusu.

La nne ni fedha. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ni ya vikundi vya wanawake. Na mikopo hiyo haitozwi riba. Kwa mwanamke wa Kiislamu anayeiepuka riba, huo ni mlango uliofunguliwa kwa jina lake. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Basi na iulizwe: vikundi hewa viliandikwa na nani? Vyama vya kuzikana havina uhewa. Vinajulikana, vina daftari, na aliyekula fedha ya sanda haonyeshi uso wake mtaani. Lakini vyama hivyo ndivyo vinavyokosa katiba iliyopigwa chapa, akaunti ya benki na mhuri. Na kwa kukosa karatasi hizo vinaangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Afisa maendeleo ya jamii aliyeajiriwa kwa kodi ya akina mama hao ana kazi gani ya maana kuliko kuketi nao jioni mbili akawaandikia katiba?

Hapa ndipo makala haya yanapowageukia watumishi na walimu, kwani bila wao mambo yote manne yatabaki kuwa maneno. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na kuwaamulia watu mambo bila kuwashirikisha. Mwalimu Nyerere, katika «Ujamaa Vijijini» mwaka 1967, alikiri bila kuficha kwamba katika jamii zetu za jadi mwanamke alifanya kazi kupita sehemu yake na kupata heshima pungufu ya sehemu yake, na kwamba dosari hiyo haiwezi kuachwa iendelee katika nchi inayosema watu ni sawa. Na mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika kusikiliza redio kwa vikundi, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Walimu ndio waliokuwa nguzo ya kazi za namna ile. Hawakusubiri posho ya kikao. Taifa lililoweza kuwafundisha watu milioni mbili kuchimba choo haliwezi kushindwa kumfundisha mjane wa Kanyenye kwamba nyumba aliyoijenga na marehemu haiwezi kuuzwa kabla mirathi haijafunguliwa.

Wapo watakaosema kwamba akina mama wenyewe hawataki mambo ya mabaraza, kwamba wanaona haya. Hoja hii ni ya watu wasiopata kukaa jikoni. Mwanamke anayeona haya kusema mbele ya wanaume sita wasiomsikiliza haoni haya kuwaamrisha wenzake hamsini wanaomheshimu. Haya si tabia yake. Ni jibu lake kwa namna anavyopokewa. Wengine watasema kwamba nchi hii imekwisha kupata Rais mwanamke na Mwislamu, Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021, hivyo jambo limekwisha. Halijaisha. Kiti kimoja cha Ikulu hakijazi viti vya mabaraza ya kata. Kinachofanya ni kuwaondolea udhuru wanaoviacha wazi. Mwanaume anayempigia Amiri Jeshi Mkuu saluti asubuhi, kisha jioni akasema mwanamke hawezi kuketi katika kamati ya msikiti wa mtaa, ajieleze mwenyewe, maana hakuna awezaye kumweleza.

Mtaani Kanyenye, kama katika mitaa yote ya nchi hii, msiba utaingia tena katika nyumba ya mtu. Utaweza kuwa wa sheikh anayepinga, au wa afisa aliyefunga faili, au wa mwalimu aliyesoma makala haya akayaweka pembeni. Siku hiyo akina mama watafika kabla ya wanaume. Watafagia ua, watawasha moto, watafungua daftari, watamshika mjane mkono. Hawatauliza marehemu alisema nini juu yao. Lakini watu wazima wenye akili na dhamiri wasiingoje siku hiyo ndipo waone ni nani anayeushikilia mtaa. Wakati wa kuwapa kiti ni sasa, angali hai kila mtu, na mlango wa baraza uko wazi.